Kliniki ya mishipa iliyoniambia "bado", kisha ikaniambia "sasa"

Nilifika katika kliniki hii nikiwa nimekwisha kuamua kufanyiwa upasuaji wa vena (mishipa inayorudisha damu kwenye moyo) zilizovimba na kujipinda katika mguu wangu wa kushoto. Nilitoka bila tarehe ya upasuaji, na hilo ndilo ninaloisifia zaidi.

Daktari alinipima kwa altrasaundi nikiwa nimesimama, akalibana shavu la mguu, akaliachia, kisha akaangalia damu inarudi chini kwa muda gani. Alinieleza kwamba vali, yaani vilango vidogo ndani ya vena vinavyozuia damu kurudi chini, zikiwa na afya hufunga karibu papo hapo, na kwamba damu ikirudi kwa zaidi ya nusu sekunde katika vena za juujuu, vali zimelegea. Zangu zilikuwa zimelegea kweli, lakini ngozi ilikuwa salama na maumivu yalikuwa madogo. Alisema wazi kwamba sura ya vena, hata ikichukiza, haimlazimishi mtu kuharakisha. Kinachobadilisha uamuzi ni uzito na maumivu yanayomzuia mtu kufanya shughuli zake, uvimbe wa kifundo unaorudi kila jioni, ngozi kugeuka kahawia au kuwa ngumu, damu kuganda ndani ya vena hizo au kuvuja, na zaidi ya yote, kidonda kisichopona. Mama mjamzito aliyekuwa kabla yangu aliniambia kwamba yeye ameshauriwa angoje hadi baada ya kujifungua, kwa kuwa vena nyingi za namna hiyo hunywea zenyewe.

Nilipewa soksi za kubana, ambazo zilinipunguzia uzito wa mguu ingawa haziponyi vali. Baada ya miezi 14 ngozi ya juu ya kifundo ilianza kuwa ya kahawia. Niliporudi, walilinganisha vipimo vipya na vya kwanza, wakaniambia wakati umefika, wakaifunga vena kwa joto la leza kwa kutumia ganzi ya sehemu tu. Siku hiyohiyo nilirudi nyumbani kwa miguu yangu.

Kasoro niliyoiona si ndogo. Barua ya ziara ya kwanza iliandikwa tu "rudi hali ikizidi", bila kutaja dalili hata moja. Mgonjwa asiyekumbuka maelezo ya mdomo angeweza kungoja mpaka apate kidonda, ilhali utafiti wa Uingereza uliochapishwa mwaka 2018, uliowahusisha wagonjwa 450 wenye vidonda vya vena, ulionyesha kwamba nusu ya waliotibiwa vena mapema walipona ndani ya siku 56, na nusu ya waliocheleweshewa tiba hiyo ndani ya siku 82. Kliniki inayojua kupima kwa makini kiasi hiki haina sababu ya kuandika barua fupi namna ile.

Mguu wangu wa kulia nao una vena zilizovimba, na wameniambia bado. Safari hii niliomba dalili za kunirudisha ziandikwe moja baada ya nyingine kwenye barua, nao wakaziandika nikiwa nimekaa palepale.