Alicante sina ugomvi nayo, nina ugomvi na lifti

Nilijizuia kuandika, lakini leo asubuhi mzee wangu, yaani mume wangu, kauliza tena kama lifti inatembea kabla hajavaa viatu, na hasira zote zikarudi.

Tulihamia Alicante, mji wa pwani ya Hispania, tukitokea Leicester, Uingereza, baada ya kustaafu. Kila mtu anauliza kwa nini hatukurudi Tanga. Pensheni ya serikali ya Uingereza ukienda kuishi nayo Tanzania au Kenya inaganda palepale mpaka unazikwa. Ukiwa Hispania inapanda kila Aprili kama vile hujaondoka. Basi. Mambo ya viza na bima yameandikwa kila mahali, tafuteni.

Lifti ndiyo hawaiandiki.

Dalali alituonesha nyumba ya ghorofa ya tano, bahari unaiona ukitoa kichwa dirisha la jikoni. Lifti yenyewe ni kisanduku cha watu watatu, tena wembamba. Nikamuuliza, inaharibikaga? Akacheka: "Tranquila, señora." Maana yake tulia, mama. Neno hilo ukilisikia kwa mtu aliyekwisha kupokea pesa yako, shika mkoba.

Ikafa Agosti. Na Agosti ndiyo mwezi ambao Hispania nzima iko likizo: fundi hayupo, mwenye nyumba kaenda kijijini kwao, rais wa jengo naye hapatikani. Ndiyo, jengo lina rais, anachaguliwa na wenye nyumba. Mpangaji huna kura. Ngazi ni 94, nimezihesabu kuliko tasbihi. Jikoni tunapikia mtungi wa gesi, ule wa rangi ya chungwa: kilo 12.5 za gesi, chuma mbali. Nimeupandisha mwenyewe, kidaraja kwa kidaraja. Bibi wa ghorofa ya tatu, Mungu ampe umri, alitoa kiti chake akakiweka kwenye ngazi. Kila akiniona: "Siéntate, hija." Kaa, binti yangu. Na mimi nina wajukuu wanne.

Siku moja nikaenda ofisini kwa dalali, jasho linanichuruzika, nimetoka sokoni. Yule msichana wa mapokezi hakuniacha nimalize sentensi. Akatazama viatu vyangu, akatazama mfuko wangu ambao mkia wa samaki ulikuwa unachungulia, akauliza: bibi unayemtunza ndiye aliyekutuma?

Bibi yangu!

Sidharau kazi ya kutunza wazee. Nimewaogesha wazee wa Kiingereza miaka mingi na mshahara wake ndio umenileta hapa. Lakini kodi ile inatoka kwenye akaunti yangu. Kihispania chote nilichojifunza kikanitoroka, likabaki neno moja: "Yo." Mimi. Bibi mwenyewe ndiye mimi. Unafikiri aliomba radhi? Akasema bosi yuko kula, rudi saa kumi na moja.

Kwa hiyo msije. Nasema kweli, msije. Wakiwaambia Alicante ni jua mwaka mzima, waulizeni Januari ndani ya nyumba kukoje: sakafu ya vigae, mitambo ya kupasha nyumba joto hamna, unavaa koti kupika chai, halafu ukitoka nje ndiyo unapata joto.

Ingawa hapo nimezidisha kidogo. Hiyo Januari mzee anakaa Explanada, njia ya matembezi kando ya bandari, juu ya yale marumaru yaliyotandikwa kama mawimbi, anabishana kandanda kwa Kiarabu chake cha madrasa na wazee wa Algeria. Meli ya Oran, mji wa kwao Algeria, inafika hapahapa. Mercado Central, soko kuu la hapa, napata pweza ambaye hata Tanga ningempata kwa kugombea. Na lugha haiko mbali kama nilivyoogopa: mesa ni meza, azúcar ni sukari, naranja ni chungwa, ambalo bibi yangu aliliita narinji. Leicester nilikaa miaka yote ile, hakuna jirani aliyewahi kunitolea kiti.

Lifti ilitengenezwa Septemba, baada ya rais kurudi na kukuta na yeye inabidi apande. Mkataba wetu unakaribia kwisha. Mzee kapata nyumba ya chini mtaa wa pili, ina kibaraza, kodi ileile, na kashanogewa. Dalali wake ni yuleyule. Kesho naenda kusaini, na mfuko wa samaki nakwenda nao.