Mafuta ya makonyo ya Wawi, Pemba: haya nimeyakubali

Nauza tambuu Unguja, yale majani ya kutafuna yanayofungwa na tumbaku, na tumbaku isiyonukia haimrudishi mteja. Mwanzo nilinunua mafuta ya karafuu ya kuitia harufu duka moja la mjini, nikajuta. Nilidondosha tone kwenye glasi ya maji, likaelea. Mafuta safi ya karafuu ni mazito kuliko maji, huzama. Yale yaliniacha na vidole vinavyoteleza kama nimeshika chapati.

Nilipovuka kwenda Pemba harusini, nikapita Wawi, karibu na Chake Chake, kwenye kiwanda cha makonyo cha ZSTC, shirika la biashara la serikali ya Zanzibar. Wageni wanatembezwa. Makonyo ni vile vikonyo vinavyobaki karafuu ikishachambuliwa. Wanayashindilia kwenye mapipa makubwa, mvuke unapita kati yake ukibeba harufu, kisha unapozwa. Nilisimama sana pale mafuta yanapojitenga: maji juu, chini yake mafuta ya rangi ya asali. Mchaichai nao wanaukamua, ila mafuta yake ndiyo yanayoelea.

Nimenunua kichupa cha kioo. Nyumbani nikarudia jaribio la glasi, tone likaenda moja kwa moja mpaka chini. Harufu yake ina ukavu wa mti, si tamu kama ya karafuu yenyewe, na kwa tumbaku naona hiyo ndiyo inayofaa zaidi. Wenzetu wa Indonesia wanatia karafuu zilizokatwakatwa ndani ya sigara zao za kretek, na miaka mingi karafuu zetu zilikuwa zikienda huko kwa wingi. Kwa tambuu zangu, makonyo yananitosha.

Ila ni makali! Siku ya kwanza nilinyunyiza juu ya tumbaku, mzee mmoja mteja wangu akarudi: "Mwanangu, ulimi wote umekufa ganzi." Ni ile eujenoli, kemikali ya karafuu inayotia ganzi, ambayo hata madaktari wa meno wanaitumia. Sasa nadondosha tone moja kwenye pamba, naifungia na tumbaku ndani ya kijaluba usiku kucha, asubuhi naitoa. Tumbaku inanukia, ulimi hauungui.

Msiyahamishie kwenye plastiki. Kikopo changu kiliamka kinanata, kimelainika ukingo.

Safari ijayo nachukua na ya mchaichai, niwajaribishie wale wasiopenda karafuu.