Kupunguza kilo: kufunga masaa 16 kwa siku ama kupunguza chakula kwenye sahani, gani itakufaa?

Kwa kilo zenyewe, ziko karibu sawa. Kule Guangzhou, China, watu 139 wenye unene walifuatwa mwaka mzima, wote wakipunguziwa kalori, ila kundi moja lilikula tu kati ya saa mbili asubuhi na saa kumi jioni, na matokeo ya 2022 hayakuonyesha tofauti ya maana.

Kwa gharama kufunga kunashinda, pesa ya chai na mandazi inabaki mfukoni. Sahani nayo inashinda nyumbani, unapunguza ugali unaongeza sukuma, mnakula pamoja na hakuna wa kukuuliza maswali.

Kazi kubwa ni kuzuia kilo zisirudi. Ukishapungua, leptini, homoni ya kushiba, inashuka, grelini, homoni ya njaa, inapanda, mwili unatumia nguvu kidogo kuliko zamani, kwa hivyo hiyo njaa si eti umekosa nidhamu, tafadhali usijilaumu. Kama kanuni moja ya saa inakutuliza, funga. Kama ukikaa njaa unamaliza sufuria usiku, heri sahani ndogo, hata askari wa zamu ya usiku naona itamfaa zaidi. Na ukiwa kwa insulini, usifunge kabla daktari aangalie dozi.