TAHADHARI: Muuzaji wa mashine za kukatia vigae upande wa Mwembe Tayari, Mombasa, msimpe hata shilingi

Assalam aleikum ndugu zangu mafundi, na nyinyi wengine mnaokarabati nyumba kabla ya Idd. Naandika mikono inanitetemeka. Siku nne nimenyamaza kwa haya, maana mimi ndiye huwakataza vijana wasinunue kifaa kwa macho, na safari hii nimenunua kwa macho. Lakini jana baada ya tarawehe kijana mmoja wa Kisauni amenionyesha boksi lile lile kama langu, la buluu, mkanda ule ule mpana wa kahawia. Yeye amelipa Sh11,000. Nikaona nikizidi kunyamaza nitakuwa namsaidia mwizi.

Nina kazi ya kulaza vigae vya poseleni nyumba moja Bombolulu, na grenda, ile mashine ya umeme ya kukatia, haiingii humo kwa sababu ya vumbi na kelele, maana mzee wa nyumba anataka kulala. Kwa hivyo nilitaka mashine ya mkono, na nilitaka ndefu. Mama mwenye nyumba ameshika palepale kwamba vigae vya ukumbi vilale mshazari. Kigae cha 60 kwa 60 ukikipima kona kwa kona ni karibu sentimita 85, na mashine yangu ya zamani ni ya 60. Hata ingekuwa ya dhahabu isingenifaa. Nilikuwa natafuta ya 90.

Jumamosi, saa nane mchana, jua la utosi, nimefunga. Nimezunguka tangu asubuhi, maduka mawili hayana, la tatu wanayo lakini bei sikuiweza. Huyu yeye alikuwa ameweka meza yake barazani mbele ya duka la watu, na mwenyewe akajifanya duka ni la mjomba wake. Juu ya meza mashine moja tu, imefutwa inang'aa. Nyuma yake maboksi yamepangwa hadi kiunoni.

Akanisalimu kwanza, salamu ndefu ya heshima. Akaniuliza, "Wewe si mwanafunzi wa yule mzee wa Majengo?" Nikashtuka. Mzee wangu ana miaka sita kaburini, na yeye anamtaja, tena kwa sifa zake, jinsi alivyokuwa akigonga kigae kwa kifundo cha kidole kusikiliza kama chini kuna uwazi. Sasa nafikiri aliniona fulana, ile tuliyoshona sote mwaka wa msiba wa mzee. Wakati ule sikuwaza hivyo. Wakati ule moyo ulilainika.

Halafu akanionyesha. Hapa ndipo nilipoliwa, na nataka mlione kama nilivyoliona.

Alichukua kitambaa, akakichovya kwenye kifuniko cha chupa chenye mafuta taa, akapangusa kile kigurudumu cha kukatia polepole kama mtu anayesafisha pete ya arusi. Akanishikisha. Chuma kigumu cha kijivu, makali yake mazima. Akasukuma kichwa cha mashine mwanzo wa reli hadi mwisho kwa kidole kimoja, kikateleza juu ya beringi bila sauti. Akaniambia nikitikise kushoto na kulia. Nikatikisa, hakikucheza hata unywele. Reli mbili nene, chuma kitupu, huzipindi hata ukizikalia. Akalaza kigae, akasukuma mara moja tu, ikatoka ile sauti tunayoijua sote, kama mtu anafunga zipu. Mstari mwembamba, mweupe, haukukatika popote. Akashusha miguu ya kuvunjia, akabonyeza kwa kiganja. Tap! Vipande viwili, ukingo umenyooka. Akarudia akakata upapi wa sentimita tatu, na wenyewe ukatoka mzima.

Kigae chenyewe kilikuwa cha ukutani, 25 kwa 40, kile cha udongo mwekundu ndani. Nilikiona! Macho yangu yaliona wekundu ule pale kilipovunjika, na sikusema kitu. Kigae kile hata mtoto atakikata. Poseleni ni jamii nyingine, imechomwa ikabana mpaka haifyonzi maji zaidi ya asilimia 0.5 ya uzito wake. Hapo ndipo mashine hujulikana kama ni mashine au ni pambo. Sikuwa na kigae changu mkononi, na njaa ya saa nane ilinifanya nisione umuhimu wake.

Bei ilikuwa Sh16,000, tukashuka hadi Sh13,500 na vigurudumu viwili vya akiba juu yake. Nikanyoosha mkono nichukue ile ya mezani. Akaniwekea kiganja kifuani, kwa upole kabisa. "Kaka, hii ni ya maonyesho, imeshatumika. Wewe nakupa mpya." Akavuta boksi. Juu limeandikwa 900, yaani milimita, ndiyo sentimita 90, picha ni ile ile. Nikamwambia tufungue. Akasema mkanda ukikatwa pale dhamana ya miezi sita inaondoka, mwenye mali hakubali. Nikasita. Ndipo akasema maneno ambayo mpaka leo nikiyakumbuka damu inachemka: "Kaka, mimi pia nimefunga. Kumi la mwisho hili. Nitakudanganya nikamwambie nini Mola?"

Mtu amekuapia kwa funga yake, kumi la mwisho, wewe ungefanya nini? Wanaonicheka huko kijiweni wanijibu hilo. Sikutaka kuwa mtu wa kumwambia Muislamu mwenzangu, mwenye saumu mdomoni, kwamba ni mwongo. Hiyo ndiyo sababu yangu, na siionei aibu sababu hiyo. Aibu ni yake aliyeifanya saumu kuwa chambo.

Nikalipa. Nikapanda tuktuk na boksi mapajani kama mtoto.

Jumapili asubuhi nimefungua mbele ya mama mwenye nyumba na kijana wangu wa kazi. Nilikuwa nimeshamsifia mama kwamba sasa hakuna vumbi wala kelele, mzee wake alale kwa raha. Ikatoka mashine nyepesi, niliinua kwa mkono mmoja. Reli ni bomba, tupu ndani, ukiweka kidole katikati zinanesa. Hakuna beringi, kichwa kimekaa juu ya bushi za plastiki na kinacheza kama jino bovu. Kigurudumu ni chuma laini cheupe. Nikapima kwa tepu: nafasi ya kukata ni sentimita 80. Kigae cha ukumbi mshazari hakiingii kabisa!

Hata hapo sikukubali. Nikajiambia vyumba vya kulala vimelazwa sawa, nianze navyo, la ukumbi nitalitafutia njia. Nikalaza kigae cha kwanza. Badala ya mstari nikapata vidoti, cheupe hapa, hapa hakuna, kama mshono wa cherehani inayoruka uzi. Nikabonyeza. Kikapasuka kwenda kona. Cha pili kikaacha meno. Cha tatu mstari ulianza sentimita 22 ukaishia karibu 23, kwa sababu kichwa kinakwenda kinakotaka.

Na msije mkaniambia sikujua kutumia. Miaka 14 nakata vigae. Najua unasukuma mara moja kwa uzito ule ule mwanzo hadi mwisho, hurudii, ukirudia unachimba mistari miwili na kigae hakijui kifuate upi. Najua mstari lazima uanzie ukingoni kabisa na uishie ukingoni, na kigae kilale chote juu ya mpira bila punje ya mchanga chini yake. Nilipangusa mafuta taa. Nilibadilisha kigurudumu, nikaweka cha akiba, nacho kikawa butu kabla ya kigae cha nane. Kijana wangu alishika reli kwa mikono miwili zisinese. Vigae tisa vikaenda. Boksi moja lina vinne, mita za mraba 1.44, kwa hivyo ni maboksi mawili na kigae kimoja, na mama amesimama mlangoni anahesabu kimoja kimoja bila kusema neno. Angenitukana ningepumua.

Kibaya zaidi, nilipokwenda dukani kufidia, toleo lile limekwisha. Jina ni lile lile, kiwanda kile kile, lakini namba ya toleo kwenye boksi ni nyingine na rangi imekuwa ya maziwa zaidi. Ukiviweka chumba kimoja unaona. Chumba cha watoto chote sasa itabidi kivae rangi mpya, na vya zamani vilivyobaki viende stoo na chini ya makabati ya jikoni. Gharama ni yangu. Sikumlaumu mama, wala yeye hakunilazimisha, mimi ndiye nimesema nitalipa.

Jumatatu nimerudi barazani. Meza hakuna. Mwenye duka, mzee wa watu, hamjui, anasema alimwomba nafasi ya kivuli kwa siku tatu. Simu inaita haipokelewi, kisha ikazimwa. Ule ujumbe wa M-Pesa nilikuwa nimeutuma kwa 456, namba ya kuomba pesa zirudishwe, Jumapili ile ile, lakini pesa zilikuwa zimeshatolewa. Nilichelewa.

Sasa jamani, mtu kama huyu anafaa kufanywa nini? Mimi sisemi apigwe, mkononi mwa watu mtu hufa na mwezi huu sitaki damu. Lakini afungwe! Kanuni ya Adhabu, kifungu cha 313, kupata mali kwa uongo ni hadi miaka 3. Naona ni michache. Angepewa na kazi ngumu ndani yake: avunje vigae vya poseleni kwa mashine yake mwenyewe tangu alfajiri hadi magharibi, kila siku, mpaka ajue alichotufanyia. Na picha yake ibandikwe kila duka la vifaa kuanzia Likoni hadi Mtwapa. Kijana wa Kisauni alikopa pesa zile, ndiyo kwanza anaanza kazi. Umemla kijana anayeanza maisha kwa jina la Mungu!

Mnaniuliza dalili. Zilikuwepo, hapo sibishani. Namba ya till, ile ya malipo ya duka, alisema haifanyi kazi, niitume kwa simu yake, na jina lililotokea kabla sijaweka namba ya siri lilikuwa la mwanamke. Nililisoma, nikaliacha. Risiti ni karatasi ya daftari. Ile dhamana inayokufa ukifungua boksi, dhamana gani hiyo? Kigae cha kujaribia ni chake. Na uzito, ndugu zangu, boksi la mashine ya 90 yenye reli za chuma kitupu huliweki mapajani kwenye tuktuk ukasahau liko. Mwili wangu uliniambia. Kijana wa Kisauni anasema kwake aliapa kwa mamake mgonjwa, kwa hivyo msitegemee kusikia maneno yale yale.

Mkinunua kwa yeyote yule, nendeni na kigae chenu cha kazi, na mkate kwa mashine ile ile mtakayobeba, siyo ndugu yake. Akikataa, ondokeni.

Jina sitaliandika hapa kwa sababu silijui la kweli, na lile la M-Pesa huenda ni la mtu asiye na kosa. Namba ya simu nimeipeleka kituo cha polisi pamoja na boksi, nimepewa namba ya OB, yaani ya kitabu chao cha matukio. Karani mmoja ameniambia pia kuna Mahakama ya Madai Madogo, ile ya sheria ya 2016, inasikiliza madai hadi Sh1,000,000 na huhitaji wakili. Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa, Sura ya 31, inasema ukiuziwa kwa sampuli na kwa maelezo, mali lazima ilingane na vyote viwili. Mimi nilionyeshwa sampuli na nikasomewa 900. Akipatikana jina lake tu, nampeleka huko pia.

Kuna mtu wa mkokoteni anasema amemwona Kongowea juzi, karibu na upande wa mitumba, meza ile ile, mashine ile ile moja inayong'aa. Kesho baada ya Alasiri nakwenda na kijana wa Kisauni na askari aliyepewa kesi. Kama wewe pia una boksi la buluu lenye mkanda wa kahawia, njoo nalo lilivyo, usitupe mashine, na ulete ujumbe wako wa M-Pesa. Tukutane lango la soko saa kumi na nusu.