Tahadhari: Muuza Mitishamba ya Mbegu za Kiume Karibu na Paki ya Zamani, Kampala

Ndugu zangu, naandika haya kwa aibu, lakini hasira imeishinda aibu, na afadhali mnicheke kuliko mmoja wenu apande ngazi zile nilizopanda mimi. Hospitali ilikwisha kuniambia kwamba mbegu zangu ni chache mno kupata mtoto kwa urahisi, na maneno ya shemeji zangu kule Arua kuhusu jambo hilo sirudii.

Mtu huyo ana chumba ghorofa ya pili, katika jengo la maduka karibu na paki ya zamani ya teksi, nami nilimsikia redioni. Aliniita kaka, akafunga mlango na kuzima simu yake mbele yangu, jambo lililonigusa sana, kwa kuwa hospitali nilikuwa nimeitwa jina mbele ya foleni nzima huku nimeshika kikopo changu mkononi. Kisha akanishikisha kijiti cha chuma chenye waya ulioingia kwenye kompyuta, akaniambia nisiseme wala nisitikisike, na baada ya dakika moja mashine ikatoa kurasa tatu za michoro ya rangi: figo zimechoka, damu ina sumu, mbegu zina baridi. Karatasi ya hospitali ilikuwa na mistari michache tu, kwamba nina mbegu milioni 4 kwa mililita, wakati kiwango cha chini cha Shirika la Afya Duniani ni milioni 16. Nikaamini ile yenye rangi.

Msiniite mjinga kabla ya kusikia jambo la pili. Alichota kijiko cha unga kutoka kopo jeupe, akaukoroga katika kikombe cha maji ya moto, na harufu iliyopanda ilikuwa ya mulondo, mzizi uleule unaouzwa kwa mafungu barabarani na ambao nimeutafuna tangu ujana bila kudhurika. Nikanywa palepale. Kabla sijafika nyumbani uso ulikuwa unawaka, pua imeziba, kichwa kinagonga, na taa za bodaboda niliziona zina rangi ya samawati. Ya usiku ule hayawahusu. Itoshe kusema kwamba nilijiona kijana wa miaka 20, na asubuhi nikamtumia kwa simu shilingi 480,000 za makopo mengine, juu ya 350,000 nilizokwisha kumlipa. Zilikuwa fedha za mabati.

Hapo ndipo aliponinasa, kwa kuwa nguvu za kiume ni jambo moja na mbegu ni jingine. Baada ya miezi mitatu kipimo cha hospitali kilisoma milioni 3. Daktari alinieleza kwamba dalili zile zinafanana na za sildenafili, dawa ya kuongeza nguvu za kiume, ambayo Mamlaka ya Taifa ya Dawa imekwisha kuonya kwamba huchanganywa kwa siri katika baadhi ya mitishamba. Huamsha mwili bila kutibu upungufu wa mbegu, na kwa anayetumia dawa za moyo za aina ya naitreti inaweza kushusha shinikizo la damu hadi kumuua. Kisha akanipima kwa mkono, dakika tano tu, akakuta mishipa ya korodani ya kushoto imevimba, tatizo ambalo upasuaji unaweza kulirekebisha. Yule wa mashine hakuwahi hata kuniomba nivue suruali.

Ndiyo, dalili za utapeli zilikuwepo: aliahidi siku 14, ilhali mbegu huchukua siku 70 na zaidi kukomaa, kopo halina namba ya usajili, risiti hakutoa. Lakini mtu huyu hastahili kukwepwa tu, anastahili pingu. Chumba kifungwe, mashine ile ichukuliwe kuwa kielelezo, atangaze utapeli wake katika kipindi kilekile cha redio, na waliokula fedha za matangazo yake waulizwe nao.

Nimebakiwa na kopo moja ambalo sijalifungua. Jumatatu nalipeleka kwa Mamlaka ya Dawa, kisha naelekea polisi. Aliyewahi kupanda ngazi zile anitafute faraghani, na kama anaona haya kusema, aje na kopo lake tu. Maelezo nitayatoa mimi.