Uzoefu wangu wa tiba mtandao kwa mtoto mwenye Duchenne, Kigoma

Ninaandika tathmini hii kwa ajili ya wazazi wanaoishi mbali na hospitali kubwa huku wakilea mtoto mwenye ugonjwa wa misuli. Mwanangu ana miaka 10 na ana Duchenne, ugonjwa wa kurithi unaowapata hasa watoto wa kiume, ambao huufanya mwili ushindwe kutengeneza protini ya distrofini, ile inayoilinda misuli isiharibike inapofanya kazi. Tunaishi Mwanga, mjini Kigoma. Daktari bingwa wa mishipa ya fahamu anayemfuatilia yuko Dar es Salaam, na kati yetu naye kuna reli ya zaidi ya kilomita 1,200, au safari ya basi ambayo mtoto asiyeweza kujigeuza vizuri kitini huimaliza akiwa na miguu iliyovimba na nyonga zilizokakamaa.

Utaratibu wa tiba mtandao, yaani kuonana na daktari kwa video, ni mwepesi: miadi hupangwa kwa simu, malipo hufanywa kwa simu, na muda ukifika daktari hupiga kwa video. Ugonjwa wenyewe haukugunduliwa kwa njia hii, na sidhani kama ingefaa. Tulisafiri, akapimwa damu kuangalia kimeng'enya kiitwacho CK, ambacho hupanda mno misuli inapoharibika, kisha ikachukuliwa sampuli ya vinasaba. Tiba mtandao ilianza baada ya hapo, katika ufuatiliaji, na ni katika ufuatiliaji ndipo ninapoisifu.

Ubora wake mkubwa ni kwamba daktari humwona mtoto mahali anapoishi. Humwambia, "Baba, kaa chini, halafu inuka mwenyewe, asikushike mtu." Mwanangu hugeuka, huweka viganja sakafuni, huinua makalio kwanza, kisha hujisukuma kwa mikono juu ya magoti na mapaja hadi asimame. Dalili hiyo ilielezwa na daktari Mwingereza, William Gowers, katika karne ya 19, na kamera ya simu ya kawaida inatosha kuionyesha. Daktari huhesabu sekunde anazotumia kuinuka na kulinganisha na miadi iliyotangulia. Kisha humtaka anyanyue mikono juu ya kichwa, atembee hadi mlangoni, na ahesabu kwa sauti kwa pumzi moja.

Siku moja aliniambia, "Mama, sasa nionyeshe anapolala, na njia anayopita kwenda chooni." Akaona kizingiti kirefu cha mlango wa nyuma, akaona kitanda kilichoinuka kupita magoti ya mtoto, akaona choo cha kuchuchumaa. Hakuna kati ya hayo ambalo lingeonekana katika chumba cha hospitali chenye sakafu tambarare. Kwa ushauri wake fundi alijenga mteremko wa saruji kwenye kizingiti, na seremala akatengeneza kiti chenye tundu cha kuweka juu ya choo. Mwanangu sasa huenda chooni bila kumwita mtu, jambo ambalo kwa mtoto wa umri wake lina uzito kuliko tulivyodhani sisi wakubwa.

Kwa upande wa dawa, anatumia prednisoloni, ambayo huchelewesha kupungua kwa nguvu za misuli lakini pia huongeza uzito, hupandisha shinikizo la damu na kudhoofisha mifupa. Dozi hutegemea uzito, hivyo kila kabla ya miadi tunampima uzito na shinikizo hapa hapa mjini. Tulionywa vikali tusiikatishe ghafla, kwa kuwa mwili uliozoea dawa hiyo huwa umepunguza kutengeneza homoni yake wenyewe. Daktari pia alituandikia barua ya dharura inayoeleza kwamba mtoto akihitaji upasuaji asipewe suksamethonium, dawa ya kulegeza misuli, wakati wa kulazwa usingizi, kwa sababu kwa mgonjwa wa Duchenne inaweza kuvunja misuli na kusimamisha moyo. Nakala moja iko kwenye simu yangu, nyingine kwenye faili lake.

Kuna mambo ambayo video haiyawezi, na mtoa huduma anapaswa kuyasema kabla ya kupokea fedha. Haipimi moyo, ambao katika Duchenne huweza kudhoofika bila mtoto kulalamika, wala haipimi kiasi cha hewa ambacho mapafu yanaweza kusukuma. Kwa vipimo hivyo bado tunasafiri. Vilevile haina mikono. Mwanzoni niliagizwa nikunje kifundo cha mguu wa mtoto na kueleza kinakwenda hadi wapi, nami si mtaalamu. Hali ilibadilika pale mtaalamu wa fiziotherapia wa hapa Kigoma alipokubali kukaa nasi wakati wa miadi: yeye hushika na kupima, daktari hutazama na kuamua, na bibi yake mtoto amefundishwa kunyoosha kano za kisigino kila jioni. Mpango huo niliutafuta mwenyewe. Ungepaswa kuwa sehemu ya huduma, na kwa sababu hiyo naipa nyota nne badala ya tano.

Jambo jingine ni habari nzito. Mwanangu aliuliza kama ataacha kutembea, na daktari akamjibu kwa ukweli na kwa upole kwamba itafika siku atahitaji kiti mwendo. Sina lawama kwa jibu lenyewe. Ila mazungumzo ya namna ile yangefaa kusubiri safari ya kwenda kupimwa moyo, daktari akiwa ameketi karibu naye.

Kwa atakayeanza: rekodi video ya mtoto akiinuka na kutembea asubuhi, mtandao ukiwa mzuri, uitume mapema, maana jioni picha hukwama. Simu iwekwe usawa wa kiuno, mtoto avae kaptula, na miguu yote ionekane. Kwa miadi ijayo nimemwomba mwalimu wake awepo, kwa kuwa darasa atakalohamia mwakani lina ngazi, na daktari ameomba aonyeshwe ngazi hizo kabla shule haijapanga vyumba.