Tasta ya balbu au mita kwa gari la zamani lenye umeme wa kukatika na kurudi

Gari la namna hii huzima taa njiani, likifika kwa fundi limepona. Kwa sisi wa Dodoma, wenye vumbi la kiangazi na njia za mtikisiko, soketi na viungio vya waya ndivyo vya kuanza navyo. Upime kwa kifaa gani?

Mita ya dijitali inatoa namba, lakini inavuta umeme mdogo mno. Kiungio kilicholiwa na kutu kitakuonyesha volti 12 safi, kisha ukiwasha taa kubwa zinafifia. Hapo ndipo mtu anauziwa betri mpya bure, jambo linaloniuma sana. Tasta iliyotengenezwa kwa balbu ya breki ya wati 21 haidanganyiki: inakula umeme wa kweli, kwa hiyo penye kutu inafifia. Iunganishe, kisha tikisa waya taratibu kuanzia kwenye fyuzi hadi kwenye soketi. Inapopepesa, simama hapo. Ila usiiguse kamwe kwenye waya za kompyuta ya injini wala za eabegi. Utaunguza kitu cha gharama.

Mita inashinda kwenye ethi, yaani waya wa hasi unaofungwa kwenye bodi. Washa taa zote na feni, gusa ncha hasi ya betri kwa waya mmoja wa mita na chuma kitupu cha bodi kwa mwingine. Ikisoma zaidi ya nusu volti, fungua ethi, piga msasa, kaza upya.

Mwenye hela ya kifaa kimoja aanze na tasta.